Cheche nyuma ya mnenguaji: maski ya mkono au ya mashine?

Ukitaka cheche zimzunguke mnenguaji kwenye video ya muziki, unahitaji leya tatu, yaani tabaka tatu za picha. Chini inakaa video yenyewe, katikati chembe (cheche zilizotengenezwa kwa kompyuta), na juu nakala ya video ileile iliyokatwa kufuata umbo la mwili. Cheche zinazopita mbele yake huwekwa juu ya zote na hazidai maski yoyote, yaani umbo linaloamua sehemu ipi ya picha ibaki na ipi ikatwe. Ubishi wote uko kwenye ile nakala iliyokatwa: maski yake ichorwe kwa mkono au iachiwe programu?

Wanaotetea mashine wana hoja nzito. Tangu 2020 After Effects, programu ya madoido ya video, ina zana ya Roto Brush inayofuata mwili fremu kwa fremu (picha moja moja za video) kwa ujifunzaji wa mashine, na programu ya uhariri ya DaVinci Resolve Studio ina Magic Mask. Sekunde nne kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 100, na kuzipitia kwa mkono ni kibarua cha kweli. Ila mashine nayo ina utaratibu wake. Anza kupaka brashi juu ya mwili kwenye fremu ambayo mwili unaonekana wote, kisha sahihisha makosa ukitoka hapo kwenda mbele, kwa kuwa kila sahihisho husambaa kwenye fremu zinazofuata. Ukirukia fremu ya 60 kabla ya kurekebisha ya 20, kazi ya 60 huenda ikavurugika. Ukiridhika, gandisha matokeo (yahifadhi ili programu isiyakokotoe upya) ndipo uendelee.

Mashine hukwama kwenye vidole, kwenye pindo la nguo linalopepea na pale mkono unapopita mbele ya kifua chenye rangi ileile. Hukwama zaidi kwenye mwendo wa kasi. Kwa shata ya 1/50, yaani kamera inaponasa kila fremu kwa 1/50 ya sekunde, mkono unaorushwa huacha ukungu, na mashine huamua upya kila fremu ukingo uko wapi. Matokeo yake ni kingo zinazotetemeka, na cheche zinazong'aa huutangaza mtetemo huo.

Maski ya mkono haitetemeki hivyo ikichorwa vizuri. Usichore mwili mzima kwa mstari mmoja: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, kigasha na kiganja kila kimoja kiwe na maski yake, yenye nukta chache. Nukta iliyoanza kwenye kiwiko ibaki kwenye kiwiko. Weka alama za mwendo (keyframe, fremu ambazo unapanga maski mwenyewe na programu hujaza zilizo kati yake) kwanza pale kiungo kinapogeuza mwelekeo, kisha katikati yake, halafu katikati ya katikati. Anayesogeza nukta kila fremu hujitengenezea mtetemo uleule anaoukimbia. Kiwiliwili kinaweza kufuatiliwa kwa Mocha, zana ya kufuatilia mwendo, na ukungu wa mwendo uwashwe kwenye maski zenyewe. Nywele ndizo zinazoushinda mkono: hapo zana ya kusafisha kingo ya Roto Brush ina faida.

Kwa maoni yangu, wengi huchagua upande kabla ya kujua cheche zitapita wapi. Nakala ya juu na video ya chini ni picha moja, hivyo kosa la ukingo halionekani kabisa mpaka chembe ifike pale. Maski ikizidi mwili, cheche hukatika kabla ya kumfikia mtu, likabaki pengo. Ikipungua, cheche hutambaa begani. Kwa cheche za mwanga zilizochanganywa kwa Screen au Add (namna za kuchanganya leya zinazoongeza mwanga), afadhali ipungue pikseli moja au mbili na ukingo ulainishwe, maana mwanga unaomwagikia kidogo ngozini huonekana wa kawaida. Moshi mzito hausamehe upande wowote.

Kwa hiyo tengeneza chembe kwanza, hata kwa ubora wa chini. Pitisha mashine mwili mzima, kisha chora kwa mkono viungo na fremu ambazo cheche zinazikatiza tu. Njia hii ina gharama yake: mwongozaji akibadili njia ya cheche, maski ya vipande inarudiwa, wakati maski kamili ingefaa hata kwa kurekebisha rangi baadaye. Kama mteja hajaidhinisha muundo wa chembe, nenda na maski kamili.

Katika ukaguzi, wengi huweka leya nyekundu mahali pa chembe ili kuona kingo. Inasaidia kukamata shimo kubwa, lakini pia huonyesha kasoro ambazo cheche zisingezigusa, ukaishia kuzifanyia kazi bure. Uamuzi wa mwisho ufanywe cheche zenyewe zikiwepo, video ikienda kwa kasi yake.