Podikasti ibanwe, miksi iachwe ipumue

Watu wa vipimo huwadharau wapenda sauti kubwa, wale wanaobana miksi zao kwa kuogopa zitamezwa na za wenzao, na hapo nadhani wanakosea. Hoja yao yenyewe ni nzito. Spotify husawazisha muziki kwenye wastani wa −14 LUFS (kipimo cha sauti jinsi sikio linavyoihisi; namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi), na YouTube nayo hushusha kinachozidi hapo. Ukiibana miksi yako, yaani kupunguza tofauti kati ya sauti zake kubwa na ndogo ili yote ipande, mpaka ikafika −9, mtandao utaipunguza desibeli 5, nawe utabaki na sauti ileile ya wenzako ila ngoma zako zimepondeka. Hesabu ni sahihi. Tatizo ni kwamba inamhusu msikilizaji mmoja tu, yule anayesikiliza ndani ya programu inayosawazisha. Miksi za singeli, bongo fleva na rumba hutembea pia kwa WhatsApp, kwenye kadi za simu na kwenye flashi iliyochomekwa redioni mwa daladala. Huko faili huchezwa lilivyo. Anayesema "miksi yangu itamezwa" ana msikilizaji halisi kichwani.

Kanuni ya LUFS, ITU-R BS.1770 ya shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ilitolewa mwaka 2006: masafa ya chini kabisa hayahesabiwi sana, ya juu huongezewa uzito, na tangu marekebisho ya 2011 vipande vya ukimya huachwa nje ya wastani. Kabla ya hapo vituo vingi vilitazama vilele vya mawimbi tu, na ndiyo maana tangazo la biashara liliweza kuruka juu ya filamu bila kuvunja kanuni yoyote. Ulaya ikachagua −23 kwa utangazaji mwaka 2010, na mwaka huohuo Marekani ikatunga sheria ya kuyadhibiti matangazo ya televisheni. Kwenye muziki mbio za kubana ziliendelea. Bendi ya roki ya Metallica walipotoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki waligundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa Guitar Hero zilikuwa hazijabanwa vile, wakazipenda zaidi kuliko za kwenye CD.

Kwa hiyo nani yuko sahihi? Jibu langu linategemea kilichomo ndani ya faili, na kwa namna ambayo wengi huigeuza. Mazungumzo huachwa malegevu kwa kuwa "ni maongezi tu", halafu muziki hukamuliwa mpaka tone la mwisho. Ingefaa iwe kinyume.

Msikilizaji wa podikasti yuko juu ya bodaboda, au jikoni feni ikizunguka. Mzungumzaji huanza sentensi kwa nguvu na kuimalizia chini. Hivyo neno la mwisho huzama kwa urahisi, na mara nyingi ndilo lililobeba habari. Apple hupendekeza podikasti iwe karibu na −16, ikipishana kwa desibeli 1 juu au chini, na vilele visivuke −1. Lakini kufika −16 kwa wastani hakutoshi ikiwa mtangazaji yuko −12 na mgeni wake yuko −22. Huo ni wastani mzuri wa mazungumzo yasiyosikilizika. Kila sauti isawazishwe peke yake kabla ya kuunganishwa. Kisha pita na kompresa, kifaa kinachoshusha sauti zinapopanda mno, mara mbili kwa upole, kila mara ikipunguza desibeli 3 au 4, badala ya kuikaba mara moja. Mgeni aliyerekodiwa kwa simu mshushe kidogo chini ya namba inayosema mita: sauti yake imejaa kwenye masafa ambayo sikio huyasikia kwa ukali zaidi, naye husikika mkali kuliko kipimo chake.

Kuna mtego mwingine hapa unaowapata hata makini. Faili la mono (mkondo mmoja wa sauti) la −19, likitoka kwenye spika mbili, husikika sawa na la stirio (mikondo miwili) la −16. Asiyelijua hilo huongeza desibeli 3 asizohitaji, halafu anashangaa sauti inapasuka. Audacity, ambayo ni ya bure, ina kisanduku cha kuchagua mono ihesabiwe hivyo; kinafaa kukaguliwa kila mara.

Kwenye mashapu, yaani sauti ya mwimbaji mmoja kupandishwa juu ya biti ya mwingine, hali ni tofauti kabisa. Malighafi imekwisha kubanwa na prodyuza wa kwanza. Ukijumlisha ngoma mbili zilizo karibu na sifuri, kikomo cha juu cha faili la dijitali, jumla hupanda desibeli 3 kwa kawaida, na mawimbi yakipigana sambamba hufika 6. Nafasi haipo tena. Limita, kifaa kinachozuia vilele visivuke kikomo, ikiwekwa mwishoni kuokoa hali hukata pigo la ngoma, na singeli bila pigo haichezeki. Shusha kila wimbo desibeli 6 kabla hujaanza, na besi moja iondolewe chini ya hezi 120 ili nyingine ipite. Kukiwa na rumba ya miaka ya 1970 upande mmoja na wimbo wa juzi upande wa pili, shusha wa juzi. Kuipandisha rumba mpaka ilingane naye ni kuyapandisha pia mavumi ya utepe, na kuyaua magitaa yaliyorekodiwa yakiwa na nafasi ya kupanda na kushuka.

Na yule wa flashi? Simpuuzi. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi ya hezi 50, lakini besi hiyo ndiyo inayokula nafasi kubwa kwenye faili. Kuchuja kilicho chini ya hezi 30, kisha kuichubua besi kidogo kwa sacharesheni, yaani upotoshaji mdogo unaoizalia masafa ya juu yanayosikika, kunafanya miksi isikike kubwa kwenye simu bila limita kuguswa sana, na daladala lenye sabwufa linabaki na besi yake. Ningekubali toleo la mtaani la −11. La −8 sikubali: hapo sauti inachosha masikio kabla ya wimbo wa tatu, na msikilizaji anapunguza mwenyewe.

Linalobaki kunisumbua ni muziki chini ya maneno. Mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG, tangu toleo la 2008 una kigezo cha daraja la juu kinachotaka sauti ya nyuma, kama haiwezi kuzimwa, iwe angalau desibeli 20 chini ya mzungumzaji, isipokuwa vishindo vya sekunde moja au mbili. Watengenezaji hulalamika kwamba kwa 20 muziki unakufa, nami nakiri kwamba kwenye utangulizi wa kipindi, desibeli 12 huleta uhai. Lakini mama anayesimulia alivyompoteza mwanawe hastahili kushindana na kinanda, na asiyesikia vizuri hana namna ya kuvitenganisha. Hapo ningeshika 20, na muziki ukionekana umekufa ningeutoa kabisa.