Walikutana Wimbledon, wakaachana njia: chuo au mzunguko wa kulipwa?

Julai 2022, kwenye nyasi za Wimbledon, fainali ya tenisi ya wasichana wawili wawili iliamuliwa kwa tofauti ya pointi mbili. Upande mmoja alisimama Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Ng'ambo ya wavu walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, kisha wakaimaliza seti fupi ya kuamua kwa 11-9. Kabla ya siku ile hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji la vijana la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, yule Mboko aliyeshindwa akiwa na miaka 15 alishinda mashindano makubwa ya Kanada mjini Montreal. Mwaka huo aliuanza akiwa nje ya wachezaji 300 bora duniani. Njiani aliwatoa Sofia Kenin, Coco Gauff na Elena Rybakina, akamfunga Naomi Osaka fainali, na wote wanne wamewahi kushinda Grand Slam. Alikuwa na miaka 18. Okutoyi yeye alikuwa amechukua njia nyingine: 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama nchini Marekani, akasome huku akiichezea timu ya chuo.

Nimeanza na mechi hiyo kwa sababu haipiti wiki bila kutajwa kwenye uwanja wa saruji tunaochezea hapa Mwanza. Baba mmoja ninayecheza naye ana binti wa miaka 14, yuko kidato cha pili, na kwa macho yangu hakuna msichana wa umri wake hapa jijini anayeupiga mpira vile. Baba huyo ana hoja moja, na haichoki. "Mmoja kaenda shule, mwingine kaenda kazini. Sasa niambie nani katoboa."

Hoja yake si ya kubezwa. Viwango vya tenisi vinahesabiwa kwa wiki 52: pointi ulizopata wiki hii mwaka huu, mwakani wiki kama hii zinafutika, uwe umepata nyingine au hukupata. Ukikaa pembeni unashuka. Msimu wa mechi za vyuo Marekani huanza Januari na kuishia Mei, na mechi hizo, hata uzishinde zote, hazikupandishi kwenye viwango vya dunia. Mwanafunzi anabaki na likizo na miezi michache ya mwisho wa mwaka kutafuta pointi ambazo wenzake wanazitafuta kila Jumatatu.

Okutoyi aliyaonja hayo. Machi 2024 alitwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika jijini Accra. Dhahabu ile ilibeba na nafasi ya Olimpiki ya Paris, ila kwa sharti kwamba bingwa awe ndani ya 400 bora duniani. Hakuwamo. Bingwa wa Afrika akaitazama Paris kwenye televisheni kama sisi. Kila baba yule anapofika hapo mimi hunyamaza, maana mchezaji anayezunguka mwaka mzima angekuwa na wiki nyingi zaidi za kuzisaka pointi zile. Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne, na miguu ya mtu haibaki na miaka 20.

Ila neno "kazini" ndilo tunalokosana. Kazi ina mshahara, na tenisi ya kulipwa kwa miaka ya mwanzo haina. Mwaka 2013 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilipiga hesabu ya gharama za mchezaji kwa mwaka: nauli, malazi, chakula, kufunga uzi wa raketi, hata kufua nguo. Kwa wanawake wastani ulikuwa dola 40,180, na kocha hakuhesabiwa humo. Kwa fedha yetu ya leo ni karibu shilingi milioni 100. Fedha hiyo inajenga nyumba Buswelu na kuizungushia ukuta, na hapa ni ya mwaka mmoja tu.

Sasa tazama kinachorudi. Ngazi ya chini kabisa ya wanawake ni mashindano ambayo zawadi yake yote, kwa wachezaji wote, ni dola 15,000. Bingwa wake, aliyeshinda mechi zote wiki nzima, hapati hata dola 3,000. Anayetolewa raundi ya kwanza hapati cha kumrudisha nyumbani kwa ndege. Wakati huohuo, aliyeshindwa raundi ya kwanza Wimbledon 2025 kwa wakubwa alilipwa pauni 66,000, zaidi ya shilingi milioni 200. Kati ya ngazi hizo mbili kuna bonde, na uchunguzi ule wa 2013 ulionyesha kwamba mwanamke alihitaji kufika karibu na nafasi ya 250 duniani ndipo mapato yalingane na matumizi, bado bila kocha. Kwa hiyo swali langu kwa baba yule huwa ni hili: miaka mitatu au minne ya kuvuka bonde, nani analipa?

Kwa Mboko, walipaji walikuwepo. Wazazi wake waliondoka Kongo na kuanza upya Amerika Kaskazini, na baba alijituma kweli kweli ili watoto wacheze. Lakini nyuma ya familia kulikuwa na nchi. Mboko alilelewa kitenisi kwenye kituo cha taifa cha mafunzo kilichopo Montreal. Hata kwenye mashindano yale aliyoshinda aliingia kwa nafasi ya upendeleo ambayo waandaaji huwapa vijana wa nyumbani. Kanada ina mashindano makubwa ya kwake, kwa hiyo ina nafasi za kugawa. Tanzania haina. Na kuna jambo ambalo baba yule halipendi nikilitaja: baadhi ya ndugu wakubwa wa Mboko, waliomtangulia uwanjani, wao walipitia tenisi ya vyuo vya Marekani. Katika nyumba moja njia zote mbili zilitumika, kila mtoto kwa kadiri ya nguvu yake na msaada aliopata.

Okutoyi hakuwa na nyuma ya namna hiyo. Mama yake alifariki akiwazaa yeye na pacha wake, wakalelewa na bibi yao jijini Nairobi. Shirikisho la dunia lilimsaidia akiwa kijana, na msaada ule ndio uliomfikisha Australia na Wimbledon. Lakini misaada ya vijana ina umri wake. Ukipita miaka 18 unahesabiwa mtu mzima, na milioni 100 hazitoki kwa bibi.

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba kijana asiye na mtumbwi hapotezi muda kujiuliza kama ziwa lina sangara. Anauliza ataingia na mtumbwi wa nani, mafuta ya injini yatatoka wapi, na tajiri atachukua fungu gani mzigo ukifika. Mimi chuo nakiona hivyo. Kinatoa kocha, uwanja, mazoezi ya viungo, daktari wa misuli, chakula, raketi zenye uzi mpya, na mechi ngumu kila wiki. Fungu lake ni ile miezi ya Januari hadi Mei, mara nne.

Fungu hilo si dogo, na wanaotangaza ufadhili wa vyuo kama bahati tupu hawasemi ukweli wote. Kwa miaka mingi kanuni za michezo ya vyuo zilimzuia mwanafunzi kubaki na zawadi ya fedha inayozidi gharama zake. Siku hizi wanafunzi Wamarekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, lakini mgeni mwenye viza ya mwanafunzi amebanwa na masharti ya viza, kwa hiyo anaweza kucheza bega kwa bega na mwenzake anayelipwa huku yeye akiishi kwa posho. Tena kocha wa chuo anaajiriwa ili timu ishinde. Siku binti anapohitaji wiki mbili za kusaka pointi Tunisia, kocha naye ana mechi Jumamosi. Na mtoto aliyetoka huku kwetu, ambako nyumba haikosi mtu, anaweza kuvunjwa na upweke wa mwaka wa kwanza kuliko na mpinzani yeyote.

Afrika imewahi kuzipima njia hizi mbili. Ons Jabeur wa Tunisia alishinda Roland Garros ya wasichana, Grand Slam inayochezwa Paris, mwaka 2011, akaingia moja kwa moja kwenye tenisi ya kulipwa. Watu hukumbuka fainali zake mbili za Wimbledon, 2022 na 2023, na nafasi ya pili duniani. Wachache hukumbuka kwamba 100 bora aliingia 2017, na taji lake la kwanza la ngazi ya juu alilipata Birmingham 2021, miaka kumi baada ya taji lile la wasichana. Mayar Sherif wa Misri alipita Chuo Kikuu cha Pepperdine, California, akamaliza 2018, akaingia 100 bora 2021, na 2022 akashinda Parma kwa kumfunga Maria Sakkari. Jabeur amefika juu zaidi, na kipaji chake ni cha nadra. Lakini miaka ile ya katikati, tangu 2011 hadi 2017, ndiyo ambayo binti wa huku hawezi kuimaliza bila mtu wa kumbeba. Sherif aliipitisha sehemu ya miaka yake darasani, analishwa, anafundishwa, na hakuna aliyemdai.

Mtu akinitajia Emma Navarro, aliyetoka Chuo Kikuu cha Virginia na kufika nusu fainali ya US Open 2024, kama ushahidi wa upande wangu, siupokei. Baba yake ni bilionea. Angetoboa kwa njia yoyote. Vivyo hivyo João Fonseca wa Brazil, aliyekuwa ameahidi kwenda Virginia hiyohiyo, akabadili nia Februari 2024 baada ya kufika robo fainali ya Rio akiwa na miaka 17. Yeye mlango ulikuwa umefunguka mbele ya macho yake, tena nyumbani kwao. Ukiona mlango wa namna hiyo, ingia, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Mtoto asisubiri shahada huku dunia inamwita.

Kwa hiyo mimi niko upande wa chuo kwa mtoto wa huku, na sababu yangu kubwa ni jambo linaloniuma zaidi ya Paris. Baba yule anadhani uamuzi ataufanya binti akifika miaka 18. Utakuwa umeshafanyika zamani. Mwaka jana alitaka kumtoa shule ya kutwa, awe anafanya mazoezi asubuhi na jioni, masomo yafuate kama muda upo. Nimeona wazazi wawili hapa Mwanza wakifanya hivyo, kwa watoto wa mpira wa miguu na wa tenisi, na najua walipoishia: mtoto ana mguu mzuri na matokeo ya kidato cha nne ambayo hakuna chuo kinachoyapokea. Chuo cha Marekani hakimchukui mtu kwa sevisi peke yake. Kinataka cheti cha sekondari, alama kwenye masomo kinayoyatambua, na Kiingereza cha kuandikia insha. Kwa tenisi, kanuni zimekuwa zikimpa mchezaji miezi sita tu baada ya muda wa kumaliza sekondari, na baada ya hapo anaanza kupoteza miaka ya kucheza. Anayeacha shule akiwa kidato cha pili ili "aende kazini" amefunga mlango mmoja, na ule mwingine haujafunguka.

Anayebaki shule hajafunga chochote. Mashindano ya vijana ya shirikisho la dunia huanzia miaka 13. Ngazi zake za chini huchezwa Nairobi na Kigali, na kote huko kunafikika kwa basi kutoka hapa: Nairobi kwa kupitia Sirari, Kigali kwa kupitia Rusumo. Tangu 2024 Kigali imekuwa ikiandaa hata mashindano ya wanaume ya kulipwa ya ngazi ya Challenger, iliyo chini tu ya ngazi ya juu kabisa. Kwa mtoto wa Mwanza, mji ule umekuwa mlango wa karibu ambao kizazi changu hakikuwa nao, na ningependa wazazi wa hapa wauhesabu hivyo kabla ya kuota shule za tenisi za Florida. Safari mbili kwa mwaka, wakati wa likizo, zinatosha kumwonyesha mzazi binti yake anasimama wapi mbele ya wenzake wa Kenya, Rwanda, Burundi na Uganda. Akishinda huko akiwa na miaka 16, makocha wa vyuo watamwona kwenye orodha. Akishinda kwa namna ya kutisha, basi turudi mezani na kuuzungumza upya mzunguko wa kulipwa, na baba yule atanikuta sina ubishi.

Jumamosi iliyopita tulibishana tena hadi giza likaingia na mpira ukawa hauonekani. Binti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi, raketi iko magotini, daftari la hisabati juu ya raketi, anamalizia kazi ya Jumatatu kwa mwanga wa simu. Baba alimtazama kitambo, kisha akaniuliza nauli ya basi la Kigali siku hizi ni kiasi gani, na kama likizo ya Desemba itagongana na tarehe za mashindano.