Rekodi ya Ubongo wa Mtoto Isifungiwe Ndani ya Mashine

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka 9 mwalimu wake alipoanza kumlalamikia dada yangu kwamba mtoto huyo hasikilizi darasani. Katikati ya somo alikuwa akiduwaa kwa sekunde 10 hivi, macho yameganda na kalamu imesimama juu ya daftari, kisha anaendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Sisi nyumbani tuliona ni utoto. Ni jirani yetu mmoja, muuguzi, aliyetueleza kwamba kuna kifafa kisichomwangusha mtu wala kumtoa povu, na kwamba kipimo chake ni kile cha umeme wa ubongo, ambacho hospitalini hukiita EEG.

Tulisafiri hadi mjini, tukalipa, mtoto akafumuliwa nywele zilizosukwa juzi yake, akabandikwa kichwani elektrodi, yaani vidude vya kunasa umeme wa ubongo, na kuambiwa avute na kutoa pumzi kwa nguvu mfululizo kwa dakika 3, kwa sababu pumzi ya namna hiyo huweza kuibua kule kuduwaa mbele ya mashine. Tulirudi na diski pamoja na karatasi yenye sentensi moja, kwamba umeme wa ubongo una kasoro inayoendana na kifafa, na mtoto akaanzishiwa dawa. Miezi 7 baadaye dada alihamishiwa mkoa mwingine kikazi, na daktari bingwa wa mfumo wa fahamu aliyempokea mtoto huko akaomba kuiona rekodi yenyewe. Diski ikaingizwa katika kompyuta ya kwanza, ikaingizwa katika ya pili, haikufunguka. Faili lilikuwa limehifadhiwa katika muundo unaosomwa na programu ya kampuni iliyotengeneza mashine ile peke yake, na programu hiyo huuzwa kwa leseni. "Pole mama, itabidi tumpime upya," daktari alimwambia dada. Mtoto akapimwa upya, na rekodi ikatoka safi, kwa kuwa dawa ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Tangu siku hiyo nashikilia jambo moja: hospitali yoyote inayonunua mashine ya EEG, iwe ya umma au ya binafsi, iandike katika mkataba wa ununuzi kwamba rekodi zote zitatolewa katika muundo huria ambao programu yoyote inaweza kuusoma, na kila mgonjwa akabidhiwe nakala yake siku anapopimwa. Nalisema hili nikijua kwamba wapo watakaoniuliza kwa nini nahangaikia faili ilhali majibu yalikuwa yameandikwa katika karatasi.

Karatasi haitoshi, na sababu imo katika namna mashine yenyewe inavyofanya kazi. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena nchini Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1929. Umeme alioupima ni mdogo mno, kwa kawaida kati ya mikrovolti 10 na 100 juu ya ngozi ya kichwa, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti. Kupepesa jicho, kukaza taya, jasho, hata waya wa umeme uliopita ukutani, vyote huingia katika rekodi na kujifanya ubongo. Hivyo programu hulazimika kuchuja, na pia kulinganisha elektrodi moja na nyingine, kwa sababu mstari unaouona kwenye skrini ni tofauti ya umeme kati ya sehemu mbili. Daktari anayesoma vizuri hubadilisha kichujio, hubadilisha elektrodi zinazolinganishwa, hurudi nyuma sekunde chache, hulinganisha upande wa kushoto na wa kulia, na katika kubadilisha huko ndipo mwiba wa kifafa, yaani ncha kali inayochomoza ghafla kwenye mstari, hutengana na jicho lililopepesa. Ukurasa uliochapishwa ni mtazamo mmoja tu, uliochaguliwa na mtu mwingine, na hauwezi kuulizwa swali la pili.

Kwa mpwa wangu swali hilo la pili lilikuwa zito. Kifafa cha kuduwaa cha watoto huonekana kama mwiba unaofuatwa na wimbi pana, mara 3 hivi kwa kila sekunde, pande zote za kichwa kwa pamoja. Lakini mtoto anaweza pia kuduwaa kwa sababu ya kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na hapo mwiba huonekana mahali pamoja. Tofauti hii ndiyo inayoamua dawa. Karbamazepini, ambayo huwasaidia wengi wenye kifafa kinachoanzia sehemu moja, inaweza kumzidishia kuduwaa mtoto mwenye kifafa cha aina ile nyingine. Sentensi yetu moja haikusema ni aina ipi. Rekodi ya kwanza ilichukuliwa kabla mtoto hajameza kidonge hata kimoja, na kwa hiyo ndiyo pekee iliyoonyesha ubongo wake ukiwa katika hali yake yenyewe. Rekodi ya namna hiyo hairudiwi, isipokuwa uamue kumwachisha mtoto dawa na kumngojea adhurike, na hakuna mzazi atakayelikubali hilo. Daktari alibaki kumhoji dada kwa saa nzima: mtoto hutafuna mate? Hushika nguo zake? Huzinduka ghafla au hubaki amechanganyikiwa? Alifanya kazi nzuri sana, tena kwa huruma, lakini alikuwa akitafuta kwa kupapasa jambo ambalo lilikuwa limerekodiwa tayari.

Hata pale kipimo kinaporudiwa, si jambo jepesi. Nafasi za elektrodi hufuata mpangilio wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1958, ambao hugawa kichwa kwa asilimia 10 na 20 za vipimo vyake, na kila elektrodi inapaswa kugusa ngozi barabara. Vifaa vingi vilibuniwa bila kufikiria nywele za kipilipili, ambazo huisukuma elektrodi iinuke. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani walichapisha elektrodi zinazojibana chini ya nywele zilizosukwa mistari, ile mistari ya kwenda nyuma ambayo wasusi wetu huiita twende kilioni, ikipangwa ili ngozi iachwe wazi pale pale panapohitajika. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mtoto wetu akilia huku anafumuliwa kwa mara ya pili.

Siidai mashine kila mahali. Kifafa hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya aliyeshuhudia, na rekodi safi haithibitishi kwamba mtu hana kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawatibu wengi kwa dawa ya kifafa iitwayo fenobabitoni, bila mashine ya EEG. Lakini wapo wagonjwa ambao macho hayatoshi kwao. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walionyesha kwamba baadhi ya watoto waliopoteza fahamu kwa malaria kali huendelea kupata degedege ambayo dalili yake ni kidole kinachotikisika kidogo au macho yanayokwenda upande, na kwamba bila kipimo cha umeme wa ubongo unaweza kudhani mtoto amelala tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na katika nchi hizo madaktari bingwa wa kuzisoma rekodi hizi ni wachache. Faili linaloweza kusafiri humfikia daktari aliye mbali bila mgonjwa kupanda basi. Muundo huria wenyewe upo tangu mwaka 1992, unaitwa EDF, na mashine nyingi zinaweza kuutoa. Rekodi ya nusu saa katika muundo huo huwa na megabaiti 20 hivi, ambazo ni sawa na video fupi ya harusi tunayotumiana kwenye simu. Programu za kuusoma zipo za bure. Sasa kuna hata programu zinazosoma rekodi zenyewe: mwaka 2023 wataalamu wakiongozwa na wenzao wa Norway na Denmark walichapisha matokeo ya programu iliyofunzwa kwa rekodi zaidi ya 30,000, na usomaji wake wa kipimo cha kawaida ulikaribia ule wa mabingwa. Ninaipokea kwa furaha, ila naona wazi kwamba watoto wetu hawatahesabiwa katika programu za aina hiyo iwapo rekodi zao zitazikwa katika kompyuta za vyumba vya vipimo.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni la usiri, nami nalichukua kwa uzito. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Huko Chile, mwaka 2023, Mahakama ya Juu iliiamuru kampuni moja ifute taarifa za ubongo wa mwananchi aliyelalamika. Lakini usiri unamlinda mgonjwa dhidi ya wengine, na hauwezi kugeuzwa kuwa sababu ya kumnyima yeye mwenyewe. Kwa miaka mingi tumetoka hospitalini na picha za eksirei katika bahasha kubwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku ya kipimo cha pili nilimwomba mtaalamu atupe nakala kwa muundo wa EDF. Aliniambia kwa unyoofu kwamba hakuna aliyewahi kumwomba, akatafuta katika orodha za programu, na baada ya dakika chache akaipata sehemu ya kuitolea. Faili hilo liko katika flashi, ndani ya bahasha moja na kadi ya kliniki. Kwa hospitali ya kwanza tumeandika barua mara mbili tukiomba rekodi ile ya mwanzo itolewe upya. Jibu lililokuja ni kwamba mashine imebadilishwa na kompyuta ya zamani imeondolewa. Diski tunayo bado, na haijafunguka.