Maji, Si Taa

Kazi yangu ni kuchora mwonekano wa programu za simu, na ugonjwa wangu ni kupunguza. Nikiona skrini yenye vitufe vinne, mkono unaniwasha.

Mwaka jana nikakutana na picha za bustani za ukutani za yule Mfaransa, Patrick Blanc, aliyeuvisha majani ukuta wa jumba la makumbusho la Quai Branly kule Paris. Mimea yake haitaki udongo: mizizi inashika kitambaa kizito, maji yenye mbolea yanachuruzika kutoka juu. Nikasema, kwani Sinza hakuna mablanketi? Nikanunua mawili ya mtumba, nikayafunga kwa skrubu ukutani nyuma ya meza yangu, nikachana vijifuko, nikachomeka makangaga na maua ya kutambaa. Maji nikavuta kwenye simtanki la mama mwenye nyumba kule juu ya paa, kupitia vali ya umeme. Nilimwomba, jamani. Nilimwambia ni kidogo tu.

Vali iliongozwa na kishikwambi nilichobandika kando ya majani. Skrini nyeupe pee, katikati duara la kijivu. Neno hata moja hakuna. Ukigusa, maji yanafunguka na duara linakoza kidogo; ukigusa tena, yanafungwa. Kukoza kwenyewe kulihitaji macho ya aliyelichora.

Ndipo shangazi akaja kutoka Muheza.

Aliamka alfajiri kuswali, akapapasa swichi ya taa, akakuta duara. Akagusa. Taa haikuwaka. Akagusa tena, na tena. Ananiapia aligusa mara tisa. Tisa ni witiri. Angeongeza moja tu, nisingekuwa na cha kusimulia.

Saa tatu niko kwenye kikao cha video, juu shati, chini msuli, namweleza mteja uzuri wa usahili: mtumiaji hahitaji hata kufikiri. Miguuni nikahisi ubaridi, nikadhani ni woga wa mkataba. Nyuma yangu mablanketi yalikuwa yanakunywa maji tangu alfajiri. Skrubu zikachomoka pamoja na plasta. Mteja aliona msitu unainama, kisha hakuona kitu. Nilipojitokeza, kangaga kichwani, nikasimama wima kuomba radhi. Hapo akauona na msuli.

Mlango ukagongwa. Simtanki tupu, na siku yenyewe ya mgao.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yalizoleka: ndoo kumi na moja, mimi na shangazi, kwa matambara, mama mwenye nyumba akihesabu.

Jioni shangazi akachukua kalamu yangu ya wino mzito, akaandika juu ya kioo, chini ya duara: MAJI, SI TAA. Nimesugua kwa spiriti, wapi!

Mteja alikubali kikao cha pili. Akaitazama ile skrini kimya, akaisogelea kamera.

"Hapo sasa," akasema. "Hiyo fonti inaitwaje?"