Dereva wa trekta alipwe hata muda wa grisi

Ekseli ya mbele ya trekta dogo ni nadra kufa kwa uzee. Inakufa kwa kukosa grisi, na nasema wazi kuwa sisi wenye matrekta ndio tunaoiua, kwa namna tunavyowalipa madereva wetu. Najua wapo wenzangu wa huku Usangu, bonde la mpunga wilayani Mbarali, watakaokataa. Watasema madereva wa siku hizi ni wavivu, hawana uchungu na mali ya mtu. Mimi siamini hivyo.

Tazama msimu wa mpunga unavyokwenda Mbarali. Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, kila mwenye jaruba anataka trekta leo hii, siyo keshokutwa. Dereva tumemwekea malipo kwa ekari. Kila dakika trekta likisimama, ni hela yake inayompita. Halafu huyo huyo tunamwambia asisahau kupiga grisi. Tunamtaka atumie muda wake bila malipo kulinda pini ya ekseli ambayo si yake, ambayo ikiisha yeye atakuwa ameshahamia kwa tajiri mwingine. Hata mimi ningekuwa dereva, ningepitisha pampu ya grisi haraka haraka kwenye nipo zinazoonekana, yaani vile vichuchu vya chuma vya kuingizia grisi, nikapanda juu nikaendelea na jaruba linalofuata.

Na tatizo ni kwamba nipo zenye maana zaidi hazionekani.

Ekseli ya mbele imeshikiliwa na pini moja ya katikati. Ekseli inacheza juu ya pini hiyo, upande mmoja ukipanda tuta, mwingine unashuka, na trekta linabaki limekaa sawa. Uzito wote wa mbele unapita hapo: injini, rejeta, betri, na vile vyuma vya uzito tunavyoning'iniza ili pua isinyanyuke wakati wa kuvuta jembe. Kwenye matrekta madogo mengi hapo katikati pana nipo mbili, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake. Ile ya nyuma imejificha, inafunikwa na tope, na lazima uiname chini ndipo uione. Nimeangalia matrekta mengi yakiwa yameegeshwa sokoni na kwenye vijiwe vya mafundi. Nipo ya mbele inang'aa kwa grisi mpya. Ya nyuma ina tope lililokauka likawa kama saruji.

Wenye matrekta yanayovuta kwa magurudumu yote manne, kama Kubota ndogo, hujifariji kwamba mbele kuna oili, basi grisi haihusiki. Ni kweli kwamba kwenye nyingi ya hizo giya zinazozungusha magurudumu ya mbele ziko ndani ya oili, na kazi yako huko ni kukagua kiwango chake na kuangalia kama haijageuka rangi ya maziwa, maana hiyo ni dalili ya maji kuingia. Lakini pini ya katikati haiogi kwenye oili hiyo. Inasubiri grisi kama ya trekta lingine lolote. Kwa matrekta ya kuvuta nyuma tu, ongeza kingpini za kushoto na kulia, yaani pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, na boljointi za tairodi, yaani viungo vya fito za usukani, zile zenye nipo. Boljointi zisizo na nipo zimefungwa kiwandani; hizo kagua mipira yake tu kama haijapasuka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipita. Ukipiga grisi trekta likiwa limesimama kwa magurudumu yake, pini imelalia upande wa chini wa bushi, ile bomba fupi inayoizunguka, kwa uzito wote nilioutaja. Chuma kimegusana na chuma, hakuna nafasi hata ya unywele. Grisi unayosukuma hufuata njia rahisi: inapita juu ya pini, penye uwazi, inatokea pembeni, nawe unaridhika kwa kuiona. Upande wa chini, unaobeba mzigo na unaolika, haujapata kitu. Dawa yake ni jeki. Weka jeki chini ya fremu ya mbele, siyo chini ya ekseli yenyewe, unyanyue mpaka magurudumu yaachie ardhi na ekseli ining'inie. Hapo uwazi unahamia chini, na grisi inaingia inakotakiwa. Kwa kingpini ni hivyo hivyo: zikining'inia, ile sehemu inayobeba uzito inafunguka. Geuza usukani kushoto, piga grisi. Geuza kulia, piga tena. Endelea mpaka ile nyeusi ya zamani iishe na mpya ianze kutoka ikiwa safi.

Kabla ya jeki, zima injini, funga breki, weka mawe nyuma na mbele ya matairi makubwa, na weka gogo imara au stendi chini ya fremu. Mtu asiingie chini ya trekta lililoshikwa na jeki peke yake. Na mkono usiwekwe mbele ya mdomo wa pampu. Pampu ya mkono hutoa msukumo wa maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba, na grisi ikipenya ngozi kidonda kinaonekana kidogo tu kama mchomo wa mwiba, kumbe ndani nyama zinaharibika. Huyo ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, asingoje kuvimba.

Nipo ifutwe kwanza. Kila mtu analijua hili na wachache wanalifanya. Nipo tunazotumia leo zinatokana na ubunifu wa Oscar Zerk, mzaliwa wa Austria aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1929, na ndani yake kuna kigololi kinachosukumwa na springi. Kigololi kinazuia mchanga usiingie, lakini ukibandika pampu juu ya tope, wewe mwenyewe ndiye unayeusukuma mchanga ndani. Tambara la kufutia lifungwe pamoja na pampu. Nipo ikikataa kupokea, ifungue, iloweke kwenye dizeli, ijaribu tena. Ikikataa tena, nunua mpya. Ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa kwenye trekta zima, na bado utakuta mtu anatembea msimu mzima na nipo iliyoziba.

Kuhusu grisi yenyewe sina maneno mengi. Grisi ya lithiamu namba 2 (namba hiyo ni kipimo cha ugumu wake) inatosha kwa kazi hii, na ukipata iliyotengenezwa kustahimili mzigo mzito na maji, ni bora zaidi kwa majarubani. Usichanganye ovyo aina mbili zisizoelewana. Nyingine zikikutana hulainika na kutiririka. Chagua moja, baki nayo.

Vitabu vingi vya matrekta madogo vinataja kupiga grisi kila saa 50 za kazi, na mara nyingi zaidi ukiwa kwenye maji na matope. Mita ya saa ikiwa imekufa, hesabu ekari. Trekta dogo likitumia saa moja na nusu hadi mbili kwa ekari, saa 50 ni kama ekari 25 hadi 33. Hiyo ni kwa shamba kavu. Siku za kuvuruga, yaani kukoroga tope la jaruba kabla ya kupanda, ekseli inapozama kwenye tope tangu asubuhi, mimi sihesabu ekari. Ni kila jioni, baada ya kuosha, ili grisi mpya isukume nje maji yaliyojipenyeza. Ukisubiri asubuhi umeyapa maji usiku mzima wa kula chuma.

Gharama ya kupuuza haiishii kwenye bushi. Bushi ikiisha, pini inaanza kula tundu la ekseli lenyewe, linakuwa yai. Hapo hakuna tena kubadilisha kwa spana. Ekseli inashushwa, inapelekwa mjini kwenye mashine ya kukereza vyuma, tundu linapanuliwa na kuvalishwa bushi ya kuchonga. Trekta linalala katikati ya msimu huku wateja wakihamia kwa jirani. Wakati huo usukani ulikuwa umeshalegea kitambo, na matairi ya mbele yameliwa upande.

Kwa hiyo ninachofanya mimi, na ninachowaomba wenzangu wafanye, ni kuutoa muda wa grisi kwenye malipo ya ekari na kuulipia peke yake. Dereva na utingo wake wanalipwa kwa kila siku waliyoosha na kupiga grisi kwa jeki, fedha inayojulikana, nayo hutolewa jioni hiyo hiyo. Kiasi chake kisipungue kile ambacho wangepata kwa muda huo wakiwa jarubani, la sivyo tumerudi pale pale. Jeki, stendi, tambara na kopo la grisi vinunuliwe na mwenye trekta kabla ya mvua, vikae kwenye sanduku la trekta. Na mwenye trekta afike mwenyewe mara moja moja, ainame, apapase nipo ya nyuma ya ekseli kwa kidole. Kikitoka na grisi laini, malipo yametumika vizuri.