Ile herufi C kifuani: nahodha wa hoki ya chuo anabeba timu kweli au tunampamba tu?

Kwanza tuelewane, hoki ninayoisema hapa sio ile ya magongo kwenye nyasi tuliyoizoea huku kwetu, ni ile ya barafuni, na hasa ya vyuo vya Marekani, ligi za NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule). Kule nahodha anashonewa herufi C kifuani, wasaidizi wake A, na timu ikishinda utasikia "huo ndio uongozi wa nahodha", ikiboronga utasikia "timu haina kiongozi". Hiyo kauli imenichosha, maana inaelezea kila kitu baada ya mechi kuisha. Lakini pia wale wanaosema C ni kitambaa tu nao wananikera.

Tuanze na wabishi maana hoja yao ni nyepesi kuielewa. Sisi tumezoea nahodha wa soka, dakika 90 yuko uwanjani anapiga kelele. Kwenye barafu mchezaji anaingia sekunde 45 hivi, anatoka anahema, mwingine anaingia. Mechi ni dakika 60, nahodha akicheza nyingi sana ni 25, muda mwingine wote yuko benchi anakunywa maji. Na kikanuni kazi ya C ni ndogo tu, ndiye mwenye ruhusa ya kwenda kwa refa kuuliza uamuzi. Anayekaa muda wote ni kipa, na ukiangalia fainali nyingi ni kipa ndiye anayeamua. Boston University 2015 walikuwa na Jack Eichel, kijana wa mwaka wa kwanza aliyechukua tuzo ya Hobey Baker, mchezaji bora wa vyuo vyote, na nahodha Matt Grzelcyk, beki mzuri tu. Wanaongoza fainali dhidi ya Providence, dakika zimebaki chache, kipa wao akadaka mpira (ule wa kwao ni kisahani cheusi lakini tuuite mpira) ukamponyoka ukaingia golini kwake mwenyewe, wakaishia kufungwa 4-3. Sasa hapo nahodha angefanya nini? 2023 tena, Minnesota wana Brock Faber kama nahodha, leo hii ni beki wa maana kabisa NHL, ile ligi kubwa ya kulipwa, wakaongoza 2-0 mbele ya Quinnipiac, wakasawazishiwa, halafu muda wa nyongeza ukaanza, sekunde 10 tu, goli la Quinnipiac, na kule goli la kwanza la nyongeza linamaliza mechi, kwisha habari. Sekunde kumi! Hakuna hotuba ya nahodha inayotosha hapo.

Upande wa pili watakuletea Olimpiki ya Lake Placid 1980, vijana wa vyuo wa Marekani wanawafunga Wasovieti 4-3, na goli la ushindi anafunga nahodha Mike Eruzione mwenyewe. Sawa, stori tamu. Ila siku hiyo Wasovieti walipiga mashuti 39, na kipa Jim Craig akazuia 36. Na nahodha wa Wasovieti alikuwa Boris Mikhailov, mmoja wa manahodha wakubwa waliowahi kuwepo kwenye mchezo huu. Kama ni unahodha unaoshinda mechi, basi siku ile C kubwa zaidi ilikuwa upande uliofungwa.

Ushahidi unaonisumbua mimi ni wa Maine 1993. Msimu ule Maine walicheza mechi 45, wakapoteza 1 tu. Fainali wakafika kipindi cha tatu wako nyuma 4-2 dhidi ya Lake Superior State, na nahodha wao Jim Montgomery akafunga magoli matatu, ndani ya dakika kama 5, wakachukua kombe 5-4. Ukiona hivyo unasema basi, kesi imefungwa. Ila ngoja, pasi za magoli yote matatu zilitoka kwa Paul Kariya, dogo wa mwaka wa kwanza aliyemaliza msimu na pointi 100 (magoli na pasi za magoli kwa pamoja), na hakuwa na C yoyote. Sasa Montgomery alifunga kwa sababu ni nahodha, au alikuwa nahodha kwa sababu ni mtu wa kufunga? Denver 2017 hivyo hivyo, Will Butcher ana C na Hobey Baker kwa pamoja, wanachukua ubingwa, lakini fainali magoli yote matatu anafunga Jarid Lukosevicius. (Kocha wa Denver siku hiyo alikuwa nani? Montgomery yule yule. Kwa hiyo huyo jamaa kuna kitu anakijua.)

Mimi nadhani tunamtafuta nahodha mahali ambapo hayupo. Tunamtafuta Aprili kwenye fainali wakati kazi yake iko Agosti na Septemba. NCAA inawabana sana makocha nje ya msimu, shughuli zote za lazima zisizidi saa 8 kwa wiki, kwa hiyo kuna mazoezi ambayo wachezaji wanafanya wenyewe kwa wenyewe barafuni, kocha hayupo, na yana jina kabisa, wanayaita mazoezi ya nahodha. Nani anafika saa kumi na mbili asubuhi, nani analeta visingizio, nani katoka kulewa jana, anayeona ni nahodha. Tena chumba kimoja cha kubadilishia nguo kina dogo wa miaka 18 katoka kwao juzi na mtu mzima wa 24, na kocha hawezi kumuuza anayesumbua dirisha la Januari kama klabu za soka. Kwa hiyo hapa nawapa wanaotetea unahodha haki yao, chuoni C ina uzito kuliko kwa wanaolipwa mamilioni kule NHL. Halafu watu wanasema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini ukiwa na C mmoja na A watatu wanaoelewana, kila seti inayoingia barafuni ina mtu mzima wake, na hilo naliona ni zuri.

Ila kuna kitu kimoja wote wawili hawakisemi. Mara nyingi nahodha ni mtu aliyebaki chuoni miaka mitatu, minne, na wenzake ndio wanampigia kura. Timu yenye watu wa hivyo wa kuchagua ni timu ambayo wachezaji hawakimbii, na timu ya namna hiyo ingekuwa nzuri hata C ungempa mwingine. Yaani C inaweza kuwa dalili, sio dawa. Na sasa hivi kuhama chuo kumekuwa rahisi mno, na tangu Agosti 2025 vijana wa CHL, zile ligi kubwa za vijana za Kanada, nao wameruhusiwa kuingia vyuoni, wengi wakiwa wanapita tu kuelekea NHL. Tutaanza kuona timu zinamshonea C mtu aliyefika mwaka jana, na mazoezi ya Septemba anayaongoza huku majina ya nusu ya wenzake bado anayasoma mgongoni.