Nionyeshe mgongo wa dashibodi

"Utazoea." Neno hilo moja limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Rafiki yangu alikuwa ametoa Datsun 240Z yake nje kwa mara ya kwanza baada ya kuishughulikia jioni baada ya jioni kwa karibu miaka miwili. Wanaozijua Datsun hizo wanajua dashibodi ya kiwandani huishia wapi: jua huikausha, ngozi hupasuka, ufa mmoja huzaa mwingine mpaka sponji ya ndani inachungulia. Yeye akatengeneza ya kwake. Bati la alumini lililovishwa ngozi nyeusi, geji mbili kubwa nyuma ya usukani, na tano ndogo za milimita 52 katikati zikiwa zimeinamishwa kumtazama dereva kama zilivyokuwa zile za asili. Kingo za mashimo hazina hata mkwaruzo. Nilimpa mkono kwa moyo mweupe, maana kazi ya namna ile huioni kila siku.

Kisha akawasha taa kubwa. Mshale wa hiti, yaani joto la injini, ukapanda. Wa petroli ukapanda. Wa presha ya oili nao ukapanda. Akazima taa, yote ikarudi chini. Nikamuuliza kulikoni. "Ah, hiyo ipo tu kaka. Utazoea."

Sikubali. Sikubali kabisa, na naandika haya kwa sababu najua si yeye peke yake. Tangi halijazi petroli kwa sababu umewasha taa. Oili haipati nguvu mpya kwa sababu umewasha taa. Mshale uliopanda hapo ulisema uongo mbele ya macho yetu, na mwenye gari akaamua kuishi nao kwa amani. Miaka miwili ya jasho imetumika kutengeneza uso, na mgongo ukaachiwa mkanda wa plastiki na bahati.

Tukumbushane kitu ambacho sote tunakijua na tunakisahau kila tukifungua katalogi: mshale haujui lolote. Anayejua ni senda, kale kadude kalikofungwa kwenye bloku ya injini, kenye oili na joto, ambako hakuna anayekapiga picha. Senda hubadilisha ukinzani wake, geji inapima umeme unaopita, mshale unasogea. Basi. Kila kilicho katikati, yaani waya, viungio, eathi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) na hesi za senda yenyewe, kinaweza kuharibu ujumbe, na geji yenyewe haina namna ya kujua kwamba imedanganywa.

Na lugha za senda hazifanani. Geji nyingi za Marekani husoma ukinzani wa ohmu 240 kuwa sifuri na 33 kuwa juu kabisa. Geji ya petroli ya kampuni ya VDO inaanzia ohmu 10 tangi likiwa tupu na kupanda hadi 180 hivi likijaa, kinyume chake. Ukichanganya senda ya huku na geji ya kule, hupati makosa madogo, unapata dunia iliyopinduliwa. Nunua geji na senda yake pamoja. Au kama unabaki na senda ya zamani, ipime kwa mita kwanza. Ile ya hiti itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto polepole, andika ohmu kila baada ya nyuzi kumi. Ni saa moja ya kazi. Watu wanaotumia wiki nzima kuchagua rangi ya mshale wanasema hawana hiyo saa moja.

Hesi nazo zina habari zake. Injini za Japani kwa kawaida hupokea senda ya oili yenye hesi za BSPT, kipimo cha Uingereza, na senda nyingi za Marekani zina NPT, kipimo cha kwao. Kwa ukubwa wa inchi moja ya nane, moja ina hesi 28 kwa inchi, nyingine 27. Tofauti ya hesi moja! Itaingia mizunguko miwili mitatu, itakaza, mkono utakuambia imeshika. Mkono wangu uliwahi kuniambia hivyo. Siku chache baadaye nilikuta sakafu imelowa oili chini ya injini, na hesi za kwenye bloku zimeliwa. Lile tundu nililitengeneza upya kwa fedha na huzuni, na tangu siku hiyo sifungi senda bila kuzihesabu hesi zake. Na ule mkanda mweupe wa mafundi bomba, usiuzungushe kwenye senda yenye waya mmoja. Eathi yake inapita kwenye hizo hizo hesi.

Eathi. Hapa ndipo nataka tukae.

Dashibodi ya zamani ya chuma ilikuwa eathi yenyewe. Geji inafungwa kwenye bati, bati limeungwa na bodi, bodi inarudi kwenye betri, na hakuna aliyelazimika kuifikiria. Ukitoa lile bati ukaweka faibaglasi, mbao, au alumini iliyovishwa ngozi na kukalia mpira, umekata njia ya kurudi ya kila geji kwa mpigo, na hakuna cheche wala harufu ya kukuambia. Geji zitawaka tu. Umeme hauna aibu, utatafuta njia nyingine ya kurudi, pengine kupitia balbu ya jirani, pengine kupitia kiwaya chembamba ulichokusudia kifanye kazi nyingine.

Kwenye magari ya zamani ya Uingereza yenye geji za Smiths hali ni mbaya zaidi. Geji ya hiti na ya petroli hulishwa na kidhibiti kidogo kinachoukata na kuuachia umeme ili wastani wake uwe volti 10. Kisanduku hicho hupata eathi kupitia bati kilikofungwa. Kihamishie kwenye paneli ya faibaglasi bila kukipa waya wake wa eathi, kitaacha kukata, na kitapitisha volti zote za betri. Hiti itaonekana juu, tangi litaonekana lina petroli nyingi kuliko lililo nayo. Ndipo mwenye gari anabadilisha thamostati. Halafu rejeta. Halafu pampu ya maji. Nimewaona watu wakibomoa nusu ya mfumo wa kupooza injini kumbe ugonjwa ni waya wa urefu wa kiganja.

Kwa hiyo: kila geji waya wake wa eathi, zote zikutane sehemu moja, na sehemu hiyo iungwe kwenye bodi kwa waya mnene, juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka king'ae. Balbu zipewe njia yao. Na bloku ya injini iwe na mkanda wake wa eathi uliokaza, kwa sababu senda inarudi kupitia huko.

Mengine nitayapitia haraka. Amita, geji ya mkondo wa umeme, itoe, weka voltimita. Amita ya zamani hupitisha umeme wa chaji nyuma ya dashibodi, na nati moja iliyolegea pale inatosha kuanzisha moto. Takomita (geji ya mizunguko ya injini) ya Smiths ya aina ya RVI husoma mkondo unaokwenda kwenye koili, kwa hiyo ukibadilisha mfumo wa kuwashia uwe wa elektroniki isikushangaze ikifa. Taa nyekundu ya chaji usiibadilishe kwa LED bila kuongeza rezista: kwenye gari nyingi umeme unaopita kwenye ile balbu ndio unaoiamsha alteneta. Nilijifunza hilo usiku, barabarani, taa za mbele zikigeuka njano taratibu, na mwanangu amelala kiti cha pembeni. Sitaki mtu mwingine ajifunze hivyo. Na kabla ya kutoboa chochote, tengeneza paneli ya boksi, kaa kwenye kiti chako mwenyewe, shika usukani wako mwenyewe, uone unachokiona. Rimu ya usukani hufunika zaidi ya unavyofikiri.

Kuhusu vioo vya kidijitali vinavyowekwa badala ya geji, nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba vina faida moja kubwa. Unaweza kuviamuru vipige kelele presha ikishuka, na vinaweka kumbukumbu. Kwa gari la mashindano sina ubishi. Lakini jicho halisomi mshale, linaona pembe yake. Madereva wa mbio walizungusha geji kwenye matundu yake ili kila mshale uangalie juu kabisa wakati kila kitu kiko sawa, wakati mwingine namba zikiwa zimelala kiubavu. Ukitupa jicho unaona mishale imesimama wima, unaendelea. Mmoja ukiinama, umeshajua kabla hujasoma tarakimu yoyote. Hiyo ndiyo dashibodi ninayoipenda: iliyofikiria jicho la mtu mwenye haraka.

Sheria imejali spidomita tu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu ionyeshe mwendo mdogo kuliko wa kweli hata kidogo. Kuzidisha inaruhusu, isipite asilimia 10 na kilomita 4 kwa saa juu yake. Presha ya oili haina mlinzi wa namna hiyo. Hata viwanda vimeichezea. Mazda MX-5 ya mwanzo ilikuja na geji ya oili ya kweli, mshale unaopanda na kushuka pamoja na injini. Kwa magari ya soko la Marekani ya kuanzia 1995, geji hiyo ilibaki na sura yake lakini nyuma yake ikawekwa swichi: presha ikipita kiwango kidogo tu, mshale unasimama katikati na kukaa hapo. Ni taa ya onyo iliyovaa nguo za geji. Wenye magari hayo nao wameuzoea mshale usiotikisika, na wengi wanaamini maana yake ni afya.

Jumapili mchana nilirudi kwa rafiki yangu na boksi langu la zana. Hakufurahi, lakini alifungua paneli. Nyuma tulikuta geji zote saba na balbu zake zimeungwa mfululizo, moja baada ya nyingine, kwa kiwaya chembamba kinachoishia kwenye skrubu moja iliyofungwa juu ya rangi. Geji zake ni za ile aina ya ohmu 240 hadi 33, ambazo eathi mbovu huzisukuma juu. Tukakwangua, tukapitisha waya mnene, tukatenganisha njia ya balbu. Ilituchukua saa tatu.

Akawasha injini, tukaiacha ipate moto. Akawasha taa kubwa. Hakuna mshale uliotikisika. Hiti ilikuwa chini kuliko alivyoizoea, akatabasamu. Kisha akapandisha injini hadi mizunguko 3,000, ambapo siku zote alikuwa anaiona presha ya oili kwenye psi 40, na mshale ukasimama pungufu ya 25. Nikafunga geji yangu ya mekanika moja kwa moja kwenye bloku. Ikasema hivyo hivyo.

Aliitazama kwa muda mrefu, halafu akazima injini mwenyewe kabla sijamwambia.